Bunduki ya Namba 71

Babu yangu alikuwa askari wa Mjerumani. Nililikana hilo kwa miaka mingi. Chuo kikuu Dar es Salaam, ambako kila mwenzangu alikuwa na babu aliyempiga mkoloni, nilisema ile bunduki ya nyumbani kwetu Magamba babu aliiteka vitani. Hakuiteka. Alipewa, akaambiwa awapige Waafrika wenzake, akawapiga.

Juu ya mtutu ilichongwa 71. Nyumbani tuliamini ni namba ya babu jeshini. Shangazi aliitamka kama cheo. Maktaba ya chuo ikanifundisha kuwa ni mwaka wa modeli, 1871. Wajerumani walipopata bunduki mpya kwao, hizi kuukuu wakawapa askari wa huku. Mtumba. Ilimeza risasi moja moja, na baruti yake ilitoa moshi mzito uliomwonyesha adui pa kulenga. Shangazi sikumwambia.

Baba hakuwa na risasi hata moja; mahali pa kuzipata hapakuwepo tena. Lakini kila jioni aliibeba kwenda shamba la juu, ukingoni mwa msitu, na aliapa kuwa nguruwe pori wanaiogopa. Labda ni kweli. Nguruwe hawakuwa wamesoma.

Kijiji kilipokuwa cha Ujamaa likaja tangazo: silaha zote zipelekwe kituoni zikaguliwe, zitakazopata kibali zirudi. Nilikuwa likizo, nikamsindikiza.

"Shikamoo, mzee. Hii umeipata wapi?" aliuliza polisi.

"Marahaba. Ya baba yangu. Alikuwa askari."

"Kumbe mwenzetu!" Polisi akacheka, akaipokea kwa mikono miwili.

Katibu wa chama alikuwa amekaa pembeni. "Askari wa nani, mzee?"

Baba hakulielewa swali. Kwake askari ni askari, kama mvua ilivyo mvua. "Wa serikali," akajibu.

"Serikali ipi?"

Baba akanigeukia mimi, msomi wake. Nikatazama viatu vyangu.

"Ya wakati ule," akasema.

"Iache hapa. Utajulishwa."

Kila siku ya soko alipita kituoni kuulizia. Waliomjibu walikuwa na adabu, na hawakuwa na jibu. Msimu ule nguruwe walikula viazi hadi vya mbegu. Mimi nilikuwa nimerudi chuoni nilipoitwa kwenye simu ya bweni. Baba alikuwa posta ya Lushoto, akipaza sauti kana kwamba waya haupo.

"Wameikata. Kwa msumeno. Nimeona vipande."

"Pole, baba."

"Nimeshapoa. Shamba la juu tumeliacha. Wewe soma."