Mtoto Hatalia Tena

Nilipoolewa, nilitoka kwetu Mamba kwenye mashamba ya mpunga nikaletwa Mpanda, na nyumba niliyofikia ilikuwa hoteli. Mume wangu alikuwa mpishi wa hoteli ya zamani iliyojengwa na mzungu mmoja siku zile mgodi wa madini ya risasi ulipokuwa na nguvu. Mgodi ulikuwa umeshafungwa, naye mzungu ameshakwenda kwao. Wageni waliobaki ni maofisa wachache waliolala wakisubiri treni ya Tabora. Sisi tulikaa vyumba vya uani: mimi, mume wangu na mama yake.

Ukumbini matangazo ya bati yalikuwa bado ukutani. Moja lilikuwa la hoteli yenyewe: mwanamke wa kizungu amekaa barazani na glasi mkononi, nyuma yake vilima vya kijani ambavyo sijaviona Mpanda mpaka leo. Mume wangu alinisomea Kiingereza chake. Hewa ya afya, chandarua kila kitanda, maji ya moto asubuhi na jioni. Mengine yalikuwa ya dawa, kwa sababu mzungu yule alikuwa na duka la dawa upande wa barabarani. Kulikuwa na ya kusafisha damu, ya kurudisha nguvu za mwanamume, ya homa za kila aina. Lililokuwa karibu na mlango wa jikoni liliandikwa Kiswahili, kwa ajili ya wake za watu wa mgodini. Mtoto mnene amelala chali, na chini yake maneno: MTOTO HATALIA TENA.

Nilipokuwa na mimba nililipita kila siku na sinia mikononi, na sikulipenda. Mtoto yule alichorwa mweupe mno, na mikono yake ililala pembeni kama imewekwa na mtu.

Mama mkwe wangu alilipenda. Ujana wake alikuwa yaya wa mtoto wa yule mzungu, na alipolitazama alikuwa anaona siku ambazo yeye mwenyewe alikuwa na gauni jeupe na viatu. "Wale walijua kulea," aliniambia. "Mtoto wao hukumsikia."

Mwanangu alizaliwa salama. Tabu ilianza alipoota meno. Alilia mchana kutwa, maofisa wakanung'unika, na mume wangu akaanza kuogopa kibarua chake. Nilikwenda hospitali mara mbili, nikaambiwa dawa zimekwisha, nirudi zikija. Basi mama mkwe akachukua ufunguo wa stoo ya nyuma, ile iliyojaa vitanda vibovu, akarudi na makopo madogo kwenye upindo wa kanga. Kwenye mfuniko wa kila kopo palikuwa na karatasi ya hoteli yenye vilima vilevile. Mume wangu alisema zamani wageni wenye watoto walipewa bure, ili watoto wasiwasumbue wageni wengine.

Ndani mlikuwa na unga mweupe. Mama mkwe aliuchukua kwa ncha ya kidole akampaka mtoto kwenye ufizi. Mtoto akanyamaza. Alasiri ile nilipika, nikafua, nikakaa barazani kama yule mwanamke wa kwenye bati, na nilimshukuru mama mkwe kwa moyo wote.

Tuliendelea kumpaka. Baada ya muda mtoto akaanza kubadilika. Kwanza alitoka jasho hata kukiwa na baridi ya asubuhi. Kisha akaukataa mwanga. Nikifungua dirisha anauficha uso wake kifuani kwangu na kuguna kama mtu mzima. Viganja na nyayo vikawa vyekundu, vikavimba, ngozi ikaanza kumenyuka kama ya nyanya iliyotiwa maji ya moto. Alikuwa na jino moja tu, na jino lile likalegea. Kulia hakulia tena kama mwanzo. Alitoa sauti nyembamba tu, isiyokoma.

Asubuhi moja mama mkwe alikuwa anampaka mafuta mikononi, nami nakunja nepi. Akasema kwa sauti ya kawaida, "Hata yule wa mzungu alikuwa hivihivi."

"Hivi vipi, mama?"

"Mikono. Ilikuwa myekundu hivi. Walisema ni joto la huku."

"Akapona?"

"Walimpandisha treni."

"Nauliza, mama, alipona?"

Mikono yake iliendelea kusugua, ikapunguza, ikasimama. "Mama yake alirudi peke yake," alisema. "Alikuja kufunga mizigo."

Nilimchukua mtoto mapajani pake, nikachukua na kopo, nikaenda hospitali bila kubadili nguo. Palikuwa na mtawa mzee, muuguzi, na safari hii sikuomba dawa. Nilimwonyesha ile tuliyokuwa nayo. Aliigeuza karatasi ya hoteli, akasoma maandishi madogo ubavuni mwa kopo, kisha akaishika miguu ya mwanangu na kuitazama kwa muda mrefu.

"Humu mna zebaki," alisema. "Huko Ulaya walishaacha kuwapa watoto. Mmempa mara ngapi?"

Neno zebaki sikulijua. Nilimuuliza kama ni sumu, akasema ndiyo.

Nilipomweleza mama mkwe, alikaa chini ya lile bati karibu na mlango wa jikoni na kujifunika kanga mpaka kichwani. Nilidhani analia. Kumbe alikuwa anakumbuka. "Nilimpa mama mmoja kopo," alisema. "Yule wa Katumba anayetuuzia maharage. Mtoto wake alikuwa analia sokoni."

Tulikwenda Katumba kwa lori la tumbaku, mwanangu mgongoni kwangu. Vijiji vile vya wakimbizi kutoka Burundi vilikuwa bado vipya, visiki vya miombo vimejaa mashambani. Tuliuliza nyumba hadi nyumba mpaka tukampata, amekaa mlangoni anapukuchua mahindi. Mgongoni hakuwa na mtu.

Alimwona mama mkwe, akainuka na kumpa mikono yote miwili. "Karibu, bibi. Asante kwa ile dawa," alisema kwa Kiswahili chake cha kujifunza ukubwani. "Mtoto tumemzika. Lakini alilala vizuri. Mwishoni hakulia."

Nilitaka tuondoke. Nilimvuta mama mkwe kiwiko, kidogo tu, naye akautoa mkono wangu. Akapiga magoti kwenye vumbi, mwanamke wa umri ule, akamweleza yote, kuanzia mtoto wa mzungu mpaka maneno ya mtawa.

Yule mama alisikiliza na gunzi mkononi. "Ulijua?" aliuliza.

"Sikujua."

"Mimi pia." Akaingia ndani, akakawia, akarudi na kopo. "Jirani alikuwa ameniomba," alisema, akamkabidhi. Kisha akanizunguka, akaushika mguu wa mwanangu uliokuwa umening'inia kiunoni kwangu, akaugeuza na kuutazama unyayo. "Wa mwanangu ulikuwa hivi," alisema, na akarudi kwenye mahindi yake.

Njiani kurudi, juu ya lori, mama mkwe alinisogelea sikioni kwa sababu ya kelele za injini. Aliniambia kulikuwa na mwingine. Ni mwanamke aliyekutana naye stesheni, aliyekuwa akisafiri na mapacha. Alimpa makopo mawili, kila mtoto na lake. Hakumuuliza anakwenda wapi.

Tuliuliza stesheni. Hakuna aliyemkumbuka. Mume wangu aliyatumbukiza makopo yote yaliyobaki kwenye shimo refu alilolichimba nyuma ya stoo, akalishindilia mawe.

Mwanangu alipona polepole, masika yote yakapita kabla hajaweza kusimama kwenye nyayo zile. Mama mkwe hakumbeba tena. Kila mvua za kwanza zilipoanza alichukua jembe lake, akapanda lori kwenda Katumba, akamlimia yule mama shamba la maharage, akarudi amechoka na udongo kwenye kucha. Alichokuwa anaambiwa huko hakunisimulia. Treni ya Tabora ilipopiga honi aliacha chochote alichokuwa anafanya, hata kama ni mboga jikoni, na kusimama mpaka isisikike.