Kijiji cha Milango ya Kijani

Mwezi uliopita nilikwenda kwenye matanga ya mzee mmoja hapa Kindu, mtaa wa Kasuku. Binti yake alisimama mbele ya watu akasoma karatasi ya maisha ya baba yake: shule alizozichora, zahanati, soko, nyumba za wafanyakazi wa reli. Nilikaa nyuma kabisa nikingoja ataje kijiji. Hakukitaja. Watu wakaomba dua, chai ikapitishwa, na mimi nikarudi nyumbani kwa miguu. Nadhani mzee hakuwahi kumwambia. Basi acha nikuambie wewe, rafiki yangu, kwa sababu mimi nilikiona kijiji hicho, nililala humo, na sijapenda mahali pengine vile.

Ilikuwa wakati wa Zaire, nami nilikuwa msichana wa miaka tisa hivi. Kila vakansi kubwa, likizo ndefu ya shule, mama alinipeleka kwa dada yake, mama mkubwa, aliyekaa ukingoni mwa mto, ukishuka kutoka Kindu kuelekea Ubundu. Tulipanda mtumbwi alfajiri na kufika jua likiwa kichwani. Mumewe alikuwa ameendesha mashua mtoni maisha yake yote, na alipofariki alimwachia nyumba ya udongo yenye vyumba vitatu, juu ya mteremko, na tanuru ya kukaushia samaki. Mama mkubwa aliishi kwa samaki. Vikwembe vyake, yaani vitenge, vyote vilinuka moshi, hata kile cha Idi. Asubuhi aliswali, akachochea moto, kisha akaniita tutwange mpunga, yeye mchi mmoja na mimi mwingine, na nikikosa mpigo wangu alicheka bila kuacha kutwanga. Mchana tulikula wali wenye mawese na samaki aliyepikwa katika majani. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alijua mto kama wewe unavyojua njia ya kwenda kwako. Aliangalia rangi ya maji na kusema kesho yatakuwa wapi, na kesho yalikuwa pale pale.

Mwaka huo nilimkuta na mgeni. Alikuwa kijana mwembamba mwenye miwani, amevaa abakosi, koti la enzi hizo lisilo na tai, iliyofifia kwenye kola, na chumba cha mwisho kilijaa karatasi zake ndefu zilizoviringishwa. Mama mkubwa aliniambia huyo ni arshitekti, mtu anayechora nyumba kabla hazijajengwa. Ilisemekana mgeni mkubwa sana kutoka Kinshasa angepita mtoni kwa meli siku moja, akiteremka hadi Ubundu, na mkubwa mmoja wa serikali hakutaka mgeni huyo aone vibanda vya udongo. Alitaka aone kijiji kizuri. Kwa hiyo akaletwa kijana huyu akichore.

Nikuambie ukweli, nilimpenda tangu siku ya kwanza. Hakunifukuza mezani. Alinifundisha kusoma mchoro: mstari mnene ni ukuta, kiupinde hiki ni mlango unavyofunguka, hapa ni barza, utakaa hapa kuangalia maji. Nyumba ishirini za rangi nyeupe, kila moja na barza yenye matao matatu yanayotazama mto. Siku moja aliniuliza milango iwe ya rangi gani. Nikafikiri sana, nikamwambia kijani, kama mpunga kabla haujazaa. Akaandika. Sikuwahi kuona mtu mzima akiandika neno langu.

Mama mkubwa naye alimpenda, kwa namna yake. Alimwekea kichwa cha samaki, akamfulia. Jioni moja alimchukua, nami nikafuata nyuma, tukapanda mteremko mpaka mahali palipokuwa na udongo mweusi ulioungua, vipande vya tanuru ya zamani iliyofunikwa na majani. Akasimama hapo.

"Mwaka nilizaa mutoto wangu wa kwanza, maji ilifika hapa," alisema. "Iko tanuru ya mama yangu hii. Ilizimwa na mto."

Kijana aligeuka akautazama mto, uliokuwa mbali chini yetu, umelala. Akapima kwa kamba yake mara mbili. Siku zilizofuata alifuta mchoro wake wote na kuzipandisha nyumba zote juu ya pale. Jiko alilitoa ndani akaliweka uani, kwa kuwa mama mkubwa alimwonyesha kwamba mwanamke hawezi kukausha samaki sebuleni. Kisha akavaa abakosi yake, akakunja karatasi, akapanda mtumbwi kwenda Kindu kwa mkubwa.

Alirudi baada ya siku nne. Tulikuwa tunakula. Alinawa, akakaa mkekani, asiguse chakula.

"Wamekataa, mama," alisema. "Juu kule haitaonekana kutoka kwenye meli. Manyumba yote itakuwa chini, karibu na maji. Na jikoni ndani."

"Uliwaambia maji inafikaka wapi?"

"Niliwaambia."

"Halafu?"

"Halafu nikasinye."

Alimaanisha kwamba aliweka jina lake chini ya mchoro ule. Mama mkubwa aliendelea kula. Baada ya muda akamsogezea sahani, na kijana naye akaanza kula, polepole, kama mtu anayemeza dawa.

Walijenga kwa miezi kadhaa. Kila Jumamosi watu wote walitoka kwa salongo, ile kazi ya lazima tuliyofanya wakati huo, wakibeba mchanga na mawe. Niliporudi vakansi ya mwaka uliofuata kijiji kilikuwa kimesimama, na rafiki yangu, sina namna ya kukueleza. Mtumbwi ulipozunguka kona ya mto nilisimama wima mpaka mpiga kasia akanikaripia. Kuta nyeupe, matao yamepangana yakijitazama majini, manjanja mapya, mabati ya paa, yanang'aa juu, na milango ya kijani changu. Sikujua wakati huo kwamba saruji nyingi ilipotea njiani, na kwamba chini ya ule weupe kulikuwa na tofali mbichi za udongo.

Watu waliamriwa kuhamia chini na kubomoa nyumba zao za zamani, ili mteremko ubaki safi. Asiyetaka aondoke kabisa. Mama mkubwa alikuwa amekwisha kuamua. Mdogo wake wa kiume alifanya kazi kwenye machimbo ya bati huko Kalima, alikuwa na nyumba kubwa, na alimtumia ujumbe mara tatu kwamba aende akae naye. Nilimkuta amefunga vikwembe vyake ndani ya sanduku na sufuria zake ndani ya kapu. Ningechelewa siku mbili, angekuwa ameondoka.

Nililia. Sikulia kidogo kama watoto wanavyolia kwa ajili ya peremende. Nililia mpaka nikatapika. Nilimwambia Kalima hakuna mto, sitamwona tena, na zile ni nyumba zangu, rangi ile niliichagua mimi, atawezaje kuwaachia watu wengine? Nilimshika mkono nikamvuta mpaka chini, nikamwonyesha nyumba ya tatu, nikafungua mlango na kuufunga, nikalala kifudifudi kwenye sakafu ya barza ili aone ilivyo baridi. Arshitekti alikuwa pale akikagua. Mama mkubwa akamtazama yeye, si mimi. Kijana akasema kwa sauti ya chini kwamba huenda maji yale ya zamani hayatarudi tena. Kesho yake mama mkubwa alifungua sanduku na kuhamia nyumba ya tatu.

Mgeni mkubwa? Tulimngoja siku tatu, wanawake wote katika kikwembe cha namna moja, tukiimba nyimbo za Chama tawala mpaka sauti zikatukauka. Siku ya nne meli ikapita. Lakini maji yalikuwa yamepungua, na wakati huo mkondo wa kina uko ng'ambo ya pili, kwa hiyo ilipita kule mbali, ndogo kama kiatu, na hatukuona mtu yeyote amesimama juu yake. Mama mkubwa alisema tu kwamba angewaambia wakubwa meli itapita wapi, kama wangemuuliza. Tukarudi ndani.

Ule mwezi na nusu uliobaki ndio ninaoubeba mpaka leo. Asubuhi mwanga uliingia kupitia matao na kuchora nusu-duara tatu sakafuni, nami nilikaa ndani ya moja nikila kiporo cha wali. Mvua ikipiga manjanja hatukusikiana, tukacheka tu na kuonyeshana kwa mikono. Jirani yetu, fundi wa nyavu, alitundika nyavu zake katika barza mpaka walinzi waliowekwa na serikali wakamkataza, maana ziliharibu sura. Mama mkubwa pia walimkataza moto wa mbele. Alipika ndani, kuta zikawa nyeusi, macho yakamwuma, na samaki wengi wakaoza kwa kukosa tanuru. Arshitekti alipokuja kututembelea aliona hali hiyo, akavua shati, akamjengea tanuru nyuma ya nyumba kwa mikono yake mwenyewe. Jioni alitembea peke yake mbele ya nyumba zote ishirini akipitisha kiganja kwenye kuta. Sijui alikuwa anaaga au anaomba.

Maji yalikuja vakansi ndogo, niliporudi tena kwa mama mkubwa, mvua zilipokuwa zimeshika. Hayakuja kwa kishindo. Yalipanda siku nne, taratibu, yakafika ngazini, yakafika barza, yakaingia. Mama mkubwa alianza kupandisha vitu vyetu juu ya mteremko siku ya kwanza kabisa na kuwaambia majirani wafanye hivyo, na wengi walimsikia. Siku ya nne, asubuhi, rangi nyeupe ilikuwa inabanduka vipande vipande na kuelea, na chini yake ukaonekana udongo. Alirudi mara ya mwisho kuchukua gunia la mpunga. Mimi nilikuwa juu, nimekaa kwenye sanduku lake. Niliona ukuta wa upande wa jikoni ukiinama kama mtu anayetaka kukaa. Haukupiga kelele. Wanaume watatu walimtoa chini ya tofali, maji yakiwa mapajani, naye hakulia. Nyonga yake ilikuwa imevunjika.

Tulimleta Kindu kwa mtumbwi, amelazwa juu ya nyavu za yule jirani. Kijiji kilimalizika ndani ya wiki moja. Watu hawakuwa na nyumba za zamani za kurudia, kwa hiyo wakatawanyika: wengine Obokote kulima, wengine mahali paitwapo Kama, kutafuta dhahabu. Yule fundi wa nyavu sikumwona tena.

Mama mkubwa alikaa kwetu miaka miwili, kwenye chumba kinachotazama ukuta wa jirani. Hakutembea tena bila kushikwa. Mdogo wake wa Kalima alikasirika kwamba dada yake alimkataa, akatuma pole kwa mdomo wa msafiri na hakuja.

Arshitekti alikuja mara moja. Nilimfungulia mimi. Alikuwa amekonda, na mikono yake haikuwa na karatasi yoyote. Alikaa mkekani karibu na kitanda. Mama mkubwa akaniambia nimletee maji ya kunawa na chakula kilichobaki, sombe ya majani ya muhogo na wali. Kijana alianza kulia kabla sahani haijafika.

"Mama, miye nilijua," alisema.

"Najua kama ulijua," mama mkubwa akamjibu. "Kula."

Akala yote. Alipoondoka hakuna aliyelitaja jambo hilo nyumbani, lakini mimi nilimwonea wivu. Alikuwa amesema lake. Langu nilikuwa bado sijalisema.

Nililisema wiki chache kabla mama mkubwa hajafariki. Nilikuwa namfuta miguu, na mvua ilikuwa imekatika. Nikamwambia, bila kumtazama, kwamba ni mimi niliyemwomba abaki, kwamba bila kilio changu angekuwa Kalima anatembea. Nilitaka aniambie hapana, wewe ulikuwa mtoto. Watu wote niliowahi kuwasimulia baadaye waliniambia hivyo.

"Kalima ni mbali?" mama mkubwa aliuliza.

Nikamjibu kwamba barabara ikiwa nzuri, ni safari ya siku moja.

"Basi si mbali, ungekuja kuniona," akasema, akageuza uso ukutani.

Nilikwenda pale kijiji kilipokuwa juzi, baada ya matanga ya arshitekti. Ukingo ni majani matupu na matope, na ngazi moja ya saruji inayoshuka majini bila nyumba nyuma yake. Vijana waliokuwa wakivua waliniambia ni ya Wabelgiji. Sikuwasahihisha. Mama mkubwa, fundi wa nyavu, sauti ya michi miwili, samaki wenye moshi wa mti nisioujua jina, vyote vimekwenda, na mimi sasa nina umri mkubwa kuliko aliokuwa nao yeye. Nilisimama nikayaangalia maji. Yalikuwa ya kahawia, yenye povu kidogo pembeni. Nilijaribu kukumbuka rangi hiyo humaanisha nini, na kesho yatakuwa wapi. Sikujua, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza.