Kompyuta Iliyokuwa Inapata Joto

Aibu hii Mandawa nzima wanayo mdomoni, kwa hiyo bora niisimulie mwenyewe kabla hamjaisikia imetiwa chumvi. Mimi kompyuta nimejifunzia kwenye simu (shule yangu iliishia fomu foo), nikapata programu ya bure ya kuchunguza picha, ambayo unaweza kuiandikia kiongezi, yaani kijiprogramu cha kuchomeka ndani yake, na ndoto yangu ilikuwa kiongezi kinachotazama picha ya korosho zilizotandazwa kwenye jamvi na kuweka alama nyekundu juu ya kila mbovu. Programu yenyewe inaelewa lugha ya Java bila nyongeza yoyote. Mimi nikachagua Python, lugha ambayo lazima uipakie kando kwenye kompyuta, kwa sababu mistari yake ni mifupi na nilikuwa na haraka ya kusifiwa. Kwenye laptopu yangu, nyumbani Nachingwea, kilifanya kazi vizuri mno, nikampigia shangazi Somoe kule Mandawa: "Usichambue hata moja, nakuja na mashine."

Akaniamini. Magunia sita hayajaguswa, lori la chama cha ushirika linaondoka saa nane, mawingu yanajikusanya.

Sasa ngoja maringo yangu: laptopu nikaiacha nyumbani, nikabeba flashi tu yenye programu na kiongezi, ili waone kinafanya kazi kwenye kompyuta yoyote. Nachomeka kwenye kompyuta ya ghala la chama, maandishi mekundu: Python haimo. Kuipakua, mtandao hakuna. Watu wamenizunguka, shangazi ananitazama kama mgonjwa anavyomtazama daktari, nikakosa moyo wa kusema ukweli, nikasema, "Inapata joto kwanza."

Hapo ndipo nilipojimaliza. Saa nzima nabonyeza vitufe hovyo, mara mbili nimetoka kupanda kichuguu na simu juu kama antena (patupu), narudi natiririka jasho, shangazi ananiuliza taratibu, "Baba, bado haijapata joto?"

Katibu wa chama akaigusa kompyuta. "Mbona inaunguza, kijana? Ikizidi hapo si itaiva?" Ghala zima likacheka.

"Shangazi," nikasema, "nimekosea. Haiwezi."

Alijifunga khanga vizuri, akakaa kwenye jamvi, akaanza kuchambua, nami nikapiga magoti kando yake. Lori lilipopiga honi tulikuwa tumemaliza magunia mawili. Manne yakabaki, mvua ikatukuta tunayafunika turubai.

Sasa naandika upya kwa Java, na nimeapa: kabla ya kuchagua lugha, nitauliza kwanza itakwenda kukaa kwenye kompyuta ya nani. Juzi nikampigia shangazi kumwambia nimefika mbali.

"Vizuri, baba," alisema, na nyuma yake nikasikia korosho zikidondoka ndooni moja moja. "Wewe ipashe tu. Mimi naendelea kuchambua."