Michemraba Iliyofaulu Mno

Katika idara yetu ya uhandisi ujenzi tuko wanane wenye shahada za juu, na yuko Mzee Mchemraba, ambaye hana hata moja. Jina hilo alibandikwa na wanafunzi. Kwa miaka ishirini na sita amekuwa fundi wa maabara ya zege. Anawafundisha kujaza zege kwenye visanduku vya chuma vya kutengenezea michemraba ya majaribio, kulishindilia kwa fimbo, na kuizamisha michemraba kwenye tangi la maji. Siku ikifika huiponda kwenye mashine ili ijulikane zege lile lina nguvu kiasi gani. Ana koti la kijivu ambalo zamani lilikuwa la buluu, na mdomo usio na breki. Mwanafunzi akishindilia ovyo humuuliza, "Mwanangu, hilo zege unalishindilia au unalibembeleza?" Hata mimi aliniuliza hivyo, enzi zangu.

Mwaka huu nilitwishwa kazi ya kuandika upya mtaala. Kila mhadhiri alitaka somo lake liongezwe na la mwenzake lipunguzwe, na vikao vikawa vya kuvutana mashati. Nilichoka nao. Asubuhi moja nikashuka maabara kumuuliza yeye, kwa kuwa hakuna aliyewahi kujisumbua kumuuliza: mtu anayesomea kazi hii ajifunze nini hasa?

"Ngoja nimalize hii," akasema.

Mezani kulikuwa na michemraba mitatu ya siku saba, ya zege la nguzo, kutoka kwenye ujenzi wa kituo cha afya cha ghorofa moja. Injinia msimamizi wa jengo lile ni binti yake, kitinda mimba wake, aliyesoma hapa hapa kwetu. Somo la zege nilimfundisha mimi, na alama ya juu kabisa darasani nilimpa mimi.

Akaponda wa kwanza. Namba ikapanda, ikaifikia iliyotakiwa, ikaiacha mbali. Wa pili vilevile. Wa tatu nao ukaja kusimama palepale.

"Hongera, Mzee," nikasema. "Damu yako hiyo."

Aliokota kipande, akakigeuzageuza, akaketi kwenye stuli.

"Mwalimu, tangu lini zege la saiti likafanana hivi? Toroli hili lina maji, lile limekauka, jingine kokoto tupu. Hii mitatu imetengenezwa kwa ajili ya kufaulu."

Akampigia binti yake palepale, simu ikiwa kwenye spika. Salamu hakutoa.

"Hii michemraba zege lake umelichota wapi?"

"Baba, imefeli?"

"Imefaulu. Ndiyo maana nakuuliza."

Binti akaanza kulia, na maneno yakamtoka yote kwa mkupuo. Alichota kwenye toroli la kwanza, kabla fundi mkuu hajaongeza maji. Matoroli yote yaliyofuata yalikuwa uji.

"Kwa nini hukumzuia?"

"Nilimwambia, Baba. Akasema, binti yangu, mimi nimeanza kumwaga zege hujazaliwa, likiwa zito halipiti kwenye nondo. Sasa asubuhi nimempa shikamoo, mchana nimwambie mwaga hilo uanze upya? Ningeanzaje? Nikaona angalau michemraba niitengeneze vizuri, kama ulivyotufundisha."

Mzee akakata simu. "Umesikia? Kama nilivyowafundisha."

Nilisikia, na niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Tumewapa maksi kwa michemraba mizuri, na michemraba mizuri wanatuletea. Kwa nguzo hatujawahi kumpa mtu maksi. Na kumkatalia mtu mwenye umri wa baba yako, mbele ya watu wake, hilo halimo kwenye mtaala wowote niliowahi kuuona, hata ule niliokuwa nimeubeba kwapani.

Angeweza kutoa cheti. Kisingesema uongo wowote: michemraba iliyoletwa imefikia nguvu hii, sahihi, muhuri, basi. Lakini juu ya nguzo zile ingekaa wodi ya wazazi. Alivua glovu, akaniambia nitoe gari.

Tulikuta maseremala wameshaanza kupanga mbao za sakafu ya juu. Mzee akatoa ufunguo mfukoni, akaukwaruza kwenye nguzo ya kwanza. Mchanga ukamiminika. Kwenye ya pili, hivyohivyo. Binti alisimama pembeni, kofia ngumu kichwani, michoro mkononi, macho yamevimba.

"Kamwambie," baba yake akamwambia taratibu. "Wewe mwenyewe. Mimi niko hapa nyuma yako."

Akamwendea fundi mkuu. "Mzee, samahani, naomba tuongee kidogo kuhusu nguzo."

"Ongea, mwanangu," akasema fundi mkuu.

"Naona... sijui wewe unaonaje... kama maji yalizidi kidogo."

"Aa, hizo zimeshakauka vizuri, mama. Kesho tunamwaga juu. Kwanza umekula? Mbona umepauka hivyo?"

Mafundi wakacheka. Hakikuwa kicheko cha dharau, na hapo ndipo ubaya ulipokuwa; walikuwa wanampenda. Binti akainamisha kichwa, akaikunja michoro, akaikunjua. Tulisubiri. Nilimwona Mzee akiuma mdomo wa chini. Juu yetu seremala akagongomea ubao mwingine.

"Ndugu yangu," Mzee akasema, "nguzo zote kumi na mbili, vunja."

Fundi mkuu akamtazama: mvi, koti lililochakaa, mikono yenye magamba ya saruji kama yake. Akachukua ufunguo, akakwaruza mwenyewe, akatikisa kichwa.

"Haya, mzee mwenzangu. Umesema."

Hakubisha hata neno moja. Akaamuru mbao ziteremshwe, akatuma watu wakalete nyundo kubwa. Moyo wangu ulitulia, nikafurahi kama mjinga, maana akina mama ambao bado hata hawajulikani walikuwa wameokoka. Kisha nikamwona binti.

"Si ungenisubiri, Baba," akasema.

"Nikusubiri mpaka lini?"

Nyundo zikaanza, na nguzo zikamegeka upesi kuliko nilivyoogopa. Fundi mkuu akarudi akijipangusa jasho. Alimpita binti karibu kiasi cha kugusana mabega, akasimama mbele ya Mzee.

"Na hizi nondo, Mzee, tuzisafishe tuzitumie hizihizi, au tuweke mpya?"

"Muulize injinia," Mzee akasema, akimwonyesha kwa mkono.

Fundi mkuu akamgeukia binti, akamtolea tabasamu la adabu, kisha akamrudishia Mzee macho, akingoja jibu.