Shairi la Baba Skola lililokuja kwa voice note kipindi cha korona

Wakuu, salamu kutoka Sumbawanga, huku kwenye baridi ambayo hata jogoo anawika amejikunyata.

Chumvi mnajua naongeza. Kwenye lililo zito humu sijaongeza hata punje.

Mimi ni zao la shule ya jioni. Nimesoma hadi popo wa lile darasa wananijua kwa jina. Nilipofaulu nikaenda kujitolea kufundisha Kiswahili shule moja ya msingi pande za Pito.

Korona ikaja, shule zikafungwa. Nikafungua group la WhatsApp la wazazi wa darasa la tano, nifundishe watoto kutunga mashairi kwa voice note.

Siku ya kwanza zilikuja salamu milioni moja, shairi halikuja hata moja. Katikati ya somo la vina mzazi mmoja akatangaza anauza dume la ng'ombe.

Baadaye watoto wakachangamka. Mbuzi, mvua, ugali. Kisha binti mmoja, Skola, akasoma hivi:

*Ulezi umeinama, nami nimelala chali,*
*Wenzangu wanasimama, mimi nauona mbali.*

Nikashtuka. Mtoto wa darasa la tano kalala chali anawaza ulezi wa shambani? Nikaandika mbele ya wazazi wote: "Mzazi unayemtungia Skola, njoo ukae dawati lako!"

Emoji za kicheko zikamwagika kama mahindi kwenye gunia lililotoboka.

Simu ikaita. Mwanaume, anaongea taratibu, lafudhi ya Kifipa.

"Mwalimu, msimcheke mwanangu. Anayetunga ni mimi."

Alikuwa baba yake. Alianguka na mkokoteni wa ng'ombe, mgongo ukavunjika, tangu hapo ni wa kitandani. Masomo yangu alikuwa anayasikia kwenye simu ya mkewe.

"Pole sana, baba Skola. Lakini zoezi ni la mtoto."

"Najua. Ila shamba siwezi tena kumlimia. Niache nimlimie hili. Beti saba tu, halafu unifukuze."

Wakuu, mimi ambaye nikianza kuongea redio inajizima yenyewe, nilichukua kalamu tu.

Nikamwandikisha. Yeye atunge, Skola asome, na Skola naye alete lake. Hakuna mwanafunzi aliyenisumbua kwa maswali kama yule. Mizani ikipungua moja, anairudia hadi ikae.

Ubeti wa tano Skola aliusoma harakaharaka, kama anayewahi kitu.

Wa sita haukuja. Alipiga mama Skola, na sikuhitaji kuuliza. Tulimzika baba Skola wakati majirani wako kwenye mavuno.

Shule zilipofunguliwa, darasa zima lilitaka tummalizie. Mimi nilishatunga beti mbili, vina vimekaa kama matofali. Nikampa Skola asome.

Akanirudishia karatasi kwa mikono miwili.

"Nzuri, mwalimu. Ila baba hakusema hivi."

"Si tunammalizia tu, mama?"

"Hakumaliza. Tuache hivyohivyo."

Siku ya wazazi alisimama, akasoma beti tano, akakaa. Watu wakabaki na mikono hewani, hawajui kama limeisha.

Nilichojifunza: ukiona mtoto anasaidiwa kazi nyumbani, piga simu kwanza, kufoka kutakusubiri.

Zile beti zangu mbili ninazo bado. Walimu na wazazi mliomo humu, nyie mngeziongeza? Semeni, hata mkinichana nasoma zote.