Karai Lenye Nukta

Hebu mwone Wilhelmina Luhende akifika dukani kwake Mkuyuni saa mbili asubuhi. Anafuta vumbi kwenye kompyuta, anaizaba printa kofi, printa inawaka. Kidato cha nne hesabu alipata F. Sasa walimu wa hesabu wa mji mzima wanampigia simu yeye, kwa sababu programu anayochapia, aliyojifunza mwenyewe, haina cha kubofya: unaiandikia amri, inakuchorea alama.

Siku hiyo aliingia Mwalimu Chenge, mstaafu, kavuka ziwa kutoka Sengerema na madaftari sita ya kitabu chake.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Nina alama yangu. Mchapishaji kasema isipopigika kwa mashine kufikia saa nane, anaifuta, anaweka neno 'baki'."

Ameichora ubaoni miaka thelathini na mmoja: karai lililo wazi juu, ndani nukta. Dagaa kumi na saba ukiwagawa watano watano, wawili wanabaki kwenye karai. Basi, kumi na saba karai tano ni mbili.

Wilhelmina akachukua nusu duara, akatia nukta, amri akaiita *karai*. Mara ya kwanza nukta ikakaa nje ya ukingo.

"Dagaa karuka, mama."

"Tulia mwalimu, namrudisha."

Akamrudisha. Mwalimu akasoma, yeye akachapa, hadi saa saba. Alipoiambia mashine ipange kurasa, ikagoma mara arobaini na tatu: amri haijulikani. Mwalimu akavua kofia.

Wilhelmina akasogea karibu na skrini. Kote kaandika *kalai*.

"Mwalimu, ulikuwa unasema kalai."

"Ndiyo, kalai. Wewe ulisikiaje?"

"Kalai."

"Sasa tatizo liko wapi?"

Hata mama yake Wilhelmina kule Kisesa husema kalai; r iko vitabuni tu. Akaongeza mstari mmoja kuieleza mashine kwamba kalai na karai ni kitu kimoja. Mashine ikakubali, haikuuliza kabila la mtu. Ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi.

Ikabaki sentensi ya ukurasa wa kwanza: "Alama hii inaitwa..."

"Andika wanavyosema wanafunzi wangu," alisema mwalimu, akaenda kutafuta chai.

Mhariri wa mchapishaji akikuta *l*, atasema mzee hajui kuandika. Wanafunzi wakikuta *r*, watauliza hiyo alama ni ya nani. Dakika zilibaki sita, na kidole cha Wilhelmina kiko juu ya kibodi. Wewe ungebonyeza ipi?