Mashine ya Mbwa Ililala kwa Selemani

"Mwanaume nikishamnyoa mimi, hata mama aliyemzaa atamwamkia shikamoo!"

Maneno hayo Ngollo aliyasema harusini, mbele ya watu mia mbili na keki ya ghorofa nne, baada ya mshereheshaji kufanya kosa la kumpa kipaza sauti. Alikuwa ameitwa asimame tu, apigiwe makofi kwa kumnyoa bwana harusi, akae. Alisimama, akapigiwa makofi, kukaa akagoma. Mama wa bwana harusi, mama mmoja mnene wa Itetemia asiyekubali kupitwa na kichekesho, aliinuka na sahani yake ya pilau mkononi, akaenda hadi meza kuu, akakunja goti nusu, akamwambia mwanawe, "Shikamoo, baba." Ukumbi ulilia. Tangu siku hiyo watu wa Tabora mjini wakienda kunyolewa kwa Ngollo walikuwa wakiulizwa njiani, "Unaenda kuamkiwa?"

Ngollo alikuja mjini kutoka Puge na begi moja na kioo kilichopasuka pembeni. Alipanga fremu ya Mzee Abdulrasul, muuza vitambaa, akaweka viti vitatu, kimoja kinachozunguka na viwili vinavyojaribu. Fremu ilikuwa hatua hamsini kutoka msikitini, na hapo ndipo palipokuwa na utamu wake. Alhamisi jioni na Ijumaa asubuhi benchi lilikuwa halitoshi. Wanaume walikuja kusawazisha ndevu na kupunguza nywele kabla ya swala, wazee kwa vijana, na Ngollo, ambaye kanisani alionekana Krismasi na siku za ubarikio tu, alijua ratiba ya msikiti kuliko baadhi ya waumini wenyewe. Siku hizo mbili ndizo zilizolipia wiki nzima.

Ubavuni mwa fremu kulikuwa na kibanda cha Selemani, fundi simu. Selemani alikuwa Mzaramo aliyeletwa Tabora na mapenzi na kuachwa hapo na mapenzi hayohayo. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipobeba mizigo kwa miguu hadi Pwani wakagombana na wenye njia hadi ugomvi ukachoka wenyewe. Wajukuu wakaachiwa ruhusa ya kutukanana hadharani, na sharti moja: hakuna kukasirika. Anayekasirika anatoa kuku.

"Mtumwa wangu umeamkaje?" Selemani angeuliza kila asubuhi.

"Nimeamka nikakumbuka mnadaiwa ujira wa mizigo," Ngollo angejibu. "Lipeni kwanza ndipo mnisalimie."

Miaka saba waliishi hivyo, wakila chungu kimoja cha maharage.

Mbwa waliingia kwenye kazi yake mwezi wa tisa. Ngollo alikuwa na kawaida ya kwenda kumnyoa baba yake Hitesh, muuza vifaa vya ujenzi, kwa sababu mzee huyo miguu ilikuwa imeshakataa kazi. Urmi, mke wa Hitesh, alikuwa na vijibwa viwili, Moti na Laddu, vilivyoletwa kutoka Dar es Salaam kwa ndege, jambo ambalo Ngollo mwenyewe alikuwa hajawahi kufanyiwa. Vilikuwa na manyoya marefu mpaka chini. Vikitembea unaona matambara mawili ya kudekia yanahama bila mtu. Na jua la Tabora la mwezi wa tisa unalijua. Vilikuwa vimelala chali sakafuni, ndimi nje, matumbo yakipanda na kushuka.

"Bwana Ngollo," Urmi alisema, "hawa nao wana joto. Utaweza?"

"Mama, hakuna kichwa kilichowahi kunishinda."

"Sijasema kichwa. Nasema mwili mzima."

Alianza na Moti, na akamharibu. Alimnyoa kama anavyonyoa askari, mpaka ngozi ikaonekana, ya waridi kama kitoto cha panya. Moti alijiangalia, akaingia uvunguni mwa kitanda cha Urmi, akagoma kutoka siku mbili. Alipotoka jua likamuunguza mgongo. Ngollo hakulala kwa aibu. Hakuipenda ile kazi bado, ila alichukia kushindwa. Akaanza kujifunza kwa simu na kwa makosa. Akajua kwamba manyoya yenyewe ni kivuli, hivyo unaacha upana wa kidole. Kwamba mbwa anaoshwa na kukaushwa kabisa kwanza, la sivyo mashine inang'ang'ania. Kwamba nyuma ya masikio kuna mafundo ambayo hayakatwi, yanafumuliwa kwa vidole, taratibu, huku unaongea naye. Kwamba meno ya mashine hupata moto, na kabla ya kugusa tumbo unayajaribu kwanza kwenye mkono wako mwenyewe. Fundo moja la Laddu lilimvunjia mashine jino la tatu kutoka kushoto.

Wiki ya tatu Laddu alitoka mikononi mwake safi, mviringo, mwepesi, akazunguka uani mbio mara nne kama aliyetolewa rumande. Baba yake Hitesh, kwenye kiti chake, alimtazama kijibwa kile, akakunja mikono kifuani, akasema, "Shikamoo."

Ngollo alirudi fremuni anacheka peke yake kwenye baiskeli.

Lakini hakuwa mjinga. Alijua wateja wake wa Ijumaa ni akina nani, na mbwa kwao ni nini. Hivyo tangu siku ya kwanza alinunua mashine nyingine ya chaji kwa ajili ya mbwa tu, akaizungushia utepe mwekundu. Hakuwahi kuiingiza kwenye fremu hata mara moja. Mbwa walinyolewa kwao, uani, na akimaliza anaoga hukohuko kwenye bomba la nje na kubadili shati. Na mashine ilipohitaji mahali pa kulala na kuchajiwa, akamwendea mtu mmoja tu.

"Mtani, hii nisitiri," alimwambia Selemani. "Ya mbwa. Sitaki ivuke mlango wangu."

Selemani aliitazama. "Ikiwa kavu na imo kwenye kopo, hainidhuru. Lete." Akaitia kwenye kopo la maziwa ya unga, kopo akaliweka kwenye droo ya chini na chaja zake. "Ila Mnyamwezi kunyoa mbwa! Mmetoka kubeba pembe, mmefika huku?"

Walicheka mpaka Selemani akashika ukuta.

Utani wenyewe ulianza Alhamisi iliyofuata. Benchi limejaa, Selemani akachungulia mlangoni. "Jamani, mkikaa hapo msitikise mkia. Huyu siku hizi ananyoa mbwa!"

Benchi likacheka. Ngollo akacheka kuwazidi. "Ndiyo," akasema, "na wewe nimekuwekea nafasi kesho saa nne."

Ijumaa Selemani akarudia. Wiki iliyofuata akaongeza chumvi: mashine ya mbwa na ya watu ni moja, anabadilisha tu vile vikofia vya plastiki vya kwenye meno. Ngollo akajibu, watu wakacheka, ila kicheko kilikuwa kimepungua urefu. Mzee mmoja aliyekuwa wa pili kwenye foleni akakumbuka ana maji jikoni. Alhamisi ya tatu benchi lilikuwa na watu wanne. Ya nne, wawili, na mmoja alikuwa anamsubiri Selemani amtengenezee simu.

Aliyemwambia sababu ni mkewe Julieth, anayeuza karanga sokoni na kusikia kila kitu.

"Huyo mtani wako anasema unanyoa mbwa kwa mashine ya watu."

"Utani huo, mke wangu."

"Utani mtu anausema ukiwepo, na wewe unamjibu. Huyu anausema ukiwa hupo. Jana kausema mbele ya duka la Mzee Abdulrasul, na hakuna aliyecheka. Huo utani gani usio na mtani?"

Ngollo akasema, "Ataacha." Angefanya nini? Kwenda kumkaripia mtani ni kutoa kuku na heshima pamoja. Akaamua kusubiri, akiendelea kucheka kila Selemani alipochungulia. Watu wengine wangepiga kelele siku ya kwanza. Yeye alilelewa akijua kelele hizo ni aibu kuliko tusi lenyewe.

Mzee Abdulrasul alikuja mwenyewe, Ijumaa saa tatu, kofia kichwani, akasimama mlangoni bila kuvuka kizingiti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ngollo, mimi sina ugomvi na mbwa. Hao wa Hitesh wanabweka ukutani kwangu mwaka wa nne. Nauliza kitu kimoja tu. Mashine ya mbwa imeingia humu, haijaingia?"

"Haijaingia, mzee. Wallahi na mimi si Mwislamu. Iko kwa Selemani, tangu mwanzo inalala kwake. Muulize."

Mzee akageuka. Selemani alishatoka kibandani, bisibisi sikioni, na watu watano sita walishasogea kwa sababu Ijumaa hawana kazi ya maana mpaka adhana.

"Selemani, utani weka kando. Mashine iko kwako?"

Hapa ndipo palipokuwa na kila kitu. Neno moja, au hata kuvuta droo tu, kazi ya kidole. Ngollo alimtazama bila wasiwasi wowote, kama mtu anayemsubiri mwenzake ampishe njia.

"Mashine gani tena, mtumwa wangu?" Selemani akasema. "Mimi nauza chaja. Siku hizi nimekuwa banda la mbwa?"

Watu wakapasuka kwa kicheko. Na Ngollo, kwa mazoea ya miaka saba, mdomo ukamtangulia: naye akacheka.

Kicheko kile ndicho kilichommaliza. Alipokuja kukikata, alishachelewa. Alikimbilia kibandani, akavuta droo ya chini. Chaja, betri zilizovimba, vioo vya simu. Kopo halikuwepo.

"Mzee, amelihamisha! Selemani, kopo liko wapi?"

"Kopo!" Selemani akawaambia watu. "Leo ana njaa, anatafuta maziwa."

Mzee Abdulrasul hakucheka hata kidogo. "Nimekuja na jambo la ibada ya watu," alisema, "wewe na mwenzio mnachekelea. Mwisho wa mwezi nipe funguo zangu."

Watu walipotawanyika, Ngollo alimfuata Selemani mpaka kwenye kiti chake. "Umenifanyia nini?"

"Aaa, mtani, unakasirika?" Selemani hakuinua macho kwenye simu aliyokuwa anaifungua. "Mnyamwezi gani anamkasirikia mtani wake? Leta kuku."

Na walioshuhudia, Mungu awasamehe, walikubaliana naye. Mmoja akasema kuku awe jogoo.

Ngollo alirudisha funguo tarehe thelathini. Tarehe tano fremu ilipakwa rangi ya bluu, na Selemani akahamishia humo chaja zake, kwa kodi ileile, na kile kiti kinachozunguka akaomba aachiwe akikalie yeye. Hapo hata mtoto wa chekechea angeelewa utani ulikuwa wa nini. Alikuwa anaitaka fremu tangu mvua za mwaka juzi zilipomlowanishia simu za watu kibandani. Angeomba wagawane, Ngollo angempa nusu. Hilo ndilo Ngollo alilokuwa akilirudia kwa Julieth akila na asipokula: "Angeniomba tu."

Sasa anatembeza kazi kwa baiskeli. Wazee wasiotoka ndani, wagonjwa, watoto wa shule za bweni. Urmi hajamwacha; Moti na Laddu anawanyoa kwa mkasi, saa nzima kila mmoja, na hao ndio wateja pekee wa mjini ambao hawajamuuliza chochote.

Juzi alipita pale fremuni. Hakukusudia, barabara nyingine ilikuwa inachimbwa. Kwenye kabati la kioo, kati ya makava ya simu, ilikuwepo mashine ya kunyolea. Utepe mwekundu ulikuwa umebanduliwa, ila gundi yake ilikuwa imebaki, imeshika vumbi duara zima. Jino la tatu kutoka kushoto halikuwepo.

Kijana mmoja wa kanzu, ambaye zamani alikuwa hakosi Alhamisi kwenye benchi la Ngollo, alikuwa anaigeuzageuza mkononi. "Anko Sele, hii imeshanyoa watu wangapi? Mimi naogopa fangasi."

"Nakuapia, mdogo wangu," Selemani alisema, "haijawahi kugusa kichwa cha mtu."

Ngollo alisimamisha baiskeli. "Hiyo ni mashine ya mbwa," alisema. Alisema polepole, uso umekauka, kama mtu anayetoa ushahidi.

Kijana akamtazama, akamtazama Selemani, kisha akaangua kicheko na kupiga kioo kwa kiganja. "Watani nyie! Hamchoki?"

"Hachoki huyo," Selemani akasema. "Karibu, mtumwa wangu."

Mashine ilikuwa inauzwa shilingi elfu thelathini na tano.